Mto ulioahidiwa kupita maji yake

Somo: Marko 6:30–44

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma lililopita mimi na mume wangu tulikuwa Arizona, Marekani, kando ya Mto Colorado, chini kidogo ya Bwawa la Parker. Tulikodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na bafu humo humo ndani, tukaliegesha ukingoni kabisa mwa maji, tukakaa siku nne. Nilifika pale nimechoka hoi. Tangu mwaka uanze sikuwa nimekataa jambo lolote. Darasa la watoto ni mimi, kwaya ni mimi, chakula cha wafiwa ni mimi, na wagonjwa wote niliwaahidi kwamba nitafika. Wawili sikuwafikia.

Siku ya kwanza kupumzika kwenyewe kulinishinda. Nilifagia gari lililokuwa safi. Nilikagua vitaa vinavyoonyesha kiasi cha maji kwenye tangi, nikavikagua tena, ilhali tangi limejaa. Mwishowe mume wangu akaniita, "Mama watoto, hebu njoo ukae."

Nikakaa juu ya jiwe jeusi, miguu majini. Nchi ile ni kavu kweli. Milima ni mawe matupu yenye rangi ya kutu, vichaka ni vya miiba, na katikati yake mto mpana wa kijani unapita kimya kimya kati ya matete. Hakukuwa na wingu hata moja. Sehemu kubwa ya maji yale ilianguka kama theluji kwenye milima ya Rocky, mbali sana kaskazini, ikayeyuka na kusafiri hadi kwenye nyayo zangu. Nikakumbuka ahadi ya Isaya 43:19, "Nitafanya njia hata jangwani, na mito ya maji nyikani." Jangwa halizai mto. Huletewa.

Asubuhi iliyofuata jiwe langu lilikuwa kavu, na alasiri likazama lote. Jirani yetu kambini, mzee mstaafu aliyekuja kukwepa baridi ya kwao, akatueleza kwamba bwawani maji hufunguliwa kwa kadiri ya mahitaji ya mashamba na umeme. Kisha akatusimulia habari ambayo sijaweza kuiacha tangu siku ile. Mwaka 1922 wawakilishi wa majimbo saba walitia sahihi mkataba wa kugawana mto huu. Vipimo walivyotegemea vilitoka katika miaka ya maji mengi kuliko kawaida, kwa hiyo wakagawana maji ambayo mto hauleti. Leo watu wapatao milioni 40 wanautegemea. Nyuma ya bwawa lile lile tulilokuwa chini yake, pampu huyasukuma maji kuvuka jangwa, mengine kwenda Los Angeles, mengine kwenda Phoenix na Tucson. Na mto wenyewe, ukishaingia Meksiko, miaka mingi hukaukia mchangani kabla ya kuiona bahari.

Nilinyamaza. Hakuna aliyeuchukia mto huu. Maji yake yanaotesha mboga, yananywesha watoto. Umeishia katika mambo mema, yote yakiwa yameahidiwa kwa nia njema.

Sasa twende kwenye somo. Mitume wamerudi kutoka kazi ambayo Yesu mwenyewe aliwatuma. Watu wanakuja, watu wanakwenda, hata nafasi ya kula haipo. Naye anawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Hakungoja kazi iishe. Na nalipenda sana hilo neno "kidogo", maana kweli kilikuwa kidogo: umati ulizunguka kwa miguu ukawatangulia, wakaukuta ufukweni. Nadhani mapumziko yao yote yalikuwa ile safari ya mashua, maji pande zote na Bwana katikati yao. Waliposhuka, Yesu ndiye aliyewahurumia wale watu, Yesu ndiye aliyefundisha, Yesu ndiye aliyeumega mkate. Wao waligawa tu alichowapa. Walikula wanaume 5,000, vikabaki vikapu kumi na viwili, na mitume walikuwa kumi na wawili. Wale waliokosa nafasi ya kula!

Mzee yule alitupa na habari nyingine, ya furaha. Machi 2014, kwa makubaliano yao, Marekani na Meksiko zilianza kuuachia mto maji yake kwa muda wa majuma manane hivi. Katika mji wa San Luis Río Colorado, ambako daraja lilikuwa limezoea kuvuka mchanga mtupu, watu walishuka mtoni kuyalaki maji, wakacheza ndani yake, na kulikuwa na watoto ambao hawakuwahi kuuona mto wao ukiwa na maji. Katikati ya Mei ukaigusa bahari.

Jioni ya mwisho nilirudi kwenye jiwe langu na karatasi. Nikaandika majina ya wale wagonjwa wawili. Darasa la watoto nimemwomba dada mwingine alishike hadi Pasaka, naye amekubali kwa furaha kuliko nilivyotarajia. Kesho asubuhi naenda kwa mgonjwa wa kwanza, na sina pengine pa kwenda siku hiyo.