Nilivyotambua na kukausha kuni zangu za mwaloni

Nilipoletewa shehena ya magogo ya miti mchanganyiko, hapakuwa na jani hata moja la kuniongoza. Kazi ya kwanza ikawa kuichambua mialoni na kuitenga, kwa sababu mwaloni hukauka kwa mwendo wake wenyewe. Kuni za miti laini huweza kuwa tayari baada ya msimu mmoja mzuri wa jua na upepo. Mwaloni uliopasuliwa mara nyingi hutaka miaka miwili, na vipande vinene hupita hapo. Ukiuchanganya na miti mingine, siku ya kuwasha moto hutajua kipi kimekauka na kipi bado kibichi.

Majani yangekuwepo, kazi ingekuwa nyepesi: mwaloni mweupe kwa kawaida una majani yenye kingo za mabonde na vilima vya mviringo, na ya mwaloni mwekundu yana ncha kali. Kwa gogo tupu nilitegemea mahali msumeno ulipopita. Nilikwangua sehemu ndogo kwa kisu kikali, nikailowesha kidogo, nikaitazama mwangani. Nilitafuta alama mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni vitundu vikubwa vilivyojipanga mwanzoni mwa kila pete ya mwaka, vinavyoonekana kwa macho matupu. Ya pili ni mistari mipana inayotoka moyo wa gogo kuelekea kwenye gome. Iko miti mingine yenye vitundu vya namna hiyo, lakini mistari mipana haina, ndiyo maana mistari hiyo naiamini kuliko alama nyingine yoyote. Gogo likipasuka sambamba nayo, hujitokeza kama mabaka yanayong'aa kwenye uso wa kuni, na ukishayaona mara moja hutayasahau.

Harufu nayo husaidia. Mwaloni mbichi una uchachu fulani, na tanini yake, ile dutu yenye ukakasi, ni nyingi kiasi kwamba kabari ya chuma ikikaa ndani ya mti uliolowa huacha doa la buluu iliyokaribia weusi. Hata hivyo miti mingine yenye tanini hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo doa peke yake halinitoshi.

Baada ya hapo nilitaka kujua ni mwaloni upi. Nilichonga kijiti kirefu kwenye sehemu ya ndani yenye rangi nzito, nikachovya ncha moja katika maji ya sabuni na kupuliza ncha ya pili. Mwaloni mwekundu hutoa mapovu, kwa kuwa mirija yake iko wazi. Ule mweupe hautoi kitu: mirija ya moyo wake huziba kwa vizibo ambavyo mti wenyewe huviotesha, na kwa sababu hiyo mapipa ya mvinyo hutengenezwa kwa mwaloni mweupe. Jambo hili lina maana kubwa kwa mchoma kuni. Wapo wanaopima ukavu kwa kupaka sabuni kichwa kimoja cha kuni, kupuliza kingine na kungoja mapovu. Kwa mwaloni mweupe kipimo hicho hakikuambii chochote, hata kuni ikiwa imekauka barabara. Mirija hiyo iliyozibwa pia huyachelewesha maji kutoka, hivyo mweupe niliupangia safu yake ya peke yake.

Maji hutoka upesi zaidi kupitia vichwa vya kuni kuliko ubavuni, na gome huyazuia kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo nilikata vipande vya kama sentimita 35, nikavipasua vyote vingali vibichi, unene wa sentimita 10 hadi 15. Gogo la mwaloni likiachwa zima na gome lake linaweza kukaa miaka likiwa na maji ndani, huku tabaka la nje likianza kuoza. Kupasua, kwa maoni yangu, ndiko kukausha kwenyewe. Yanayofuata ni kungoja tu.

Safu nilizipanga moja moja, zikielekea upepo, juu ya boriti zilizolazwa kwenye mawe ili kuni zisiguse ardhi. Juu niliweka bati, pembeni nikaacha wazi. Turubai lililoshushwa mpaka chini hufungia unyevu ndani na kulea ukungu.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni kupima. Watu wengi hutazama nyufa za vichwani, lakini mwaloni hupasuka mapema mno. Maji yaliyo huru ndani ya vitundu huondoka kwanza; unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ndipo yanapoanza kutoka maji yaliyoshikwa na kuta zenyewe za mti, na hapo mti husinyaa. Kichwa cha kuni hufika hatua hiyo zamani, wakati katikati bado kumelowa. Ufa unakuambia habari za nje tu.

Nilitumia mizani. Kutoka katikati ya kuni mbichi nilikata kipande chembamba, nikakipima, nikakikausha ndani ya oveni kwenye joto la nyuzi 103 huku nikikichunga, mpaka uzito ukaacha kushuka. Tuseme kipande kina gramu 340 na kinabaki na 200: maji yalikuwa gramu 140, yaani asilimia 70 ya uzito wa mti mkavu. Kuni ya kilo 10 kutoka gogo hilo ina mti mkavu wa kilo 5.9 hivi, na itafika asilimia 20, ukavu ninaoutaka kabla ya kuichoma, ikiwa na kilo 7.1. Nilichagua kuni chache za katikati ya kila safu, nikaandika kwa penseli kwenye kichwa cha kila moja uzito wa mwanzo na uzito ninaoungojea. Mwanzoni uzito huporomoka, kisha hushuka pole sana, na hapo ndipo mtu hukata tamaa au huamua kwamba kuni tayari.

Kwa uthibitisho nilitumia kipima unyevu cha pini. Kuni hupasuliwa upya, na pini huchomekwa katikati ya uso huo mpya, zikifuata nyuzi za mti. Ukipima uso wa nje utapata namba ya kupendeza isiyo na ukweli.

Kuni isiyoshuka hadi asilimia 20 huzomea motoni na kutoa povu vichwani. Joto linaliwa na kazi ya kuchemsha maji, na moshi uliopoa huganda ndani ya dohani kuwa lami nyeusi inayoweza kushika moto. Kwa hili sikubali kubahatisha hata kidogo.

Mwaloni mwekundu sasa nauchoma. Moto nauanzisha kwa kuni nyepesi, na mwaloni nauweka makaa yakishakuwa mengi, kwa sababu huchelewa kushika na hutaka hewa ya kutosha mwanzoni. Ukishashika, makaa yake hudumu saa nyingi. Mweupe bado uko kwenye safu yake: kuni za pembeni zimeshashuka chini ya asilimia 20, za katikati bado, na nitazipima tena msimu wa jua utakapokwisha.