Nilivyoirekebisha nyutro ya mita katika nyumba ya zamani Ngamiani

Nyumba hiyo, iliyoko Ngamiani jijini Tanga, hutumia umeme wa fezi tatu, yaani waya tatu zinazoleta umeme, kwa sababu uani kuna mashine ya kusaga. Bibi mwenye nyumba alinieleza kwamba taa za chumba kimoja zilikuwa zikififia huku za vyumba vingine zikiwaka kwa ukali. Nikamwambia, "Bibi, tuchomoe kwanza vifaa vyote, zibaki taa peke yake," maana dalili hizo ni za nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, iliyolegea, na jokofu huungua mapema kuliko balbu.

Nilipima kwenye meni swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, upande unaotoka kwenye mita. Kati ya fezi na fezi nilipata volti 400 kama inavyotakiwa, lakini kati ya fezi moja na nyutro zilikuwa 160 tu, na kwa fezi mbili nyingine zilizidi 265, badala ya 230. Nyutro inaposhindwa kurudisha umeme, fezi hugawana volti kulingana na mizigo yake: yenye matumizi makubwa hupungukiwa na yenye matumizi madogo huzidishiwa. Kwa majirani hali ilikuwa shwari, hivyo hitilafu ilikuwa kwenye mita yenyewe au kwenye waya unaotoka nguzoni.

Mita hufungwa kwa lakiri, na hata fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kama mimi hana ruhusa ya kuikata. Tulitoa taarifa, mafundi wa shirika la umeme wakaja, wakakata umeme nguzoni na kufungua kifuniko. Skrubu ya nyutro ilikuwa imebana ganda la waya badala ya shaba, na nyuzi zilizobaki nje ya tundu zilikuwa zimeota kutu ya kijani, jambo ambalo hewa ya chumvi ya pwani yetu huliharakisha sana.

Niliweka waya mpya wa shaba wa milimita mraba 16, unene uleule wa waya za fezi. Nilimenya ganda kwa urefu wa tundu tu, ili shaba yote iingie na ganda lisiguswe na skrubu. Tukakaza skrubu zote mbili, nikauvuta waya kwa nguvu, kisha tukazikaza tena. Nyutro ilitangulia kufungwa, fezi zikafuata. Sikuipitisha kwenye fyuzi wala breka yake peke yake, na sikukubali shauri la jirani la kuiunganisha na fimbo ya ethi, ile inayochomekwa ardhini kwa usalama, kwani fimbo haiwezi kubeba umeme wa mashine, na miili ya vyombo ingeanza kupiga watu shoti.

Lililonichukua muda zaidi ni rangi za waya. Nyumba ilifungwa kwa mpangilio wa zamani wa Kiingereza, ambamo nyeusi ni nyutro na buluu ni fezi. Katika mpangilio ambao Uingereza ilianza kuufuata mwaka 2004, buluu ndiyo nyutro na nyeusi ni fezi. Anayeamini macho pekee hapo anaweza kuua mtu. Kila waya niliufuatilia kwa kipimo, nikaufunga utepe wa rangi, na ndani ya mlango wa meni swichi nikabandika maelezo kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu.

Umeme uliporudishwa tuliwasha mashine na taa zote kwa pamoja, na kila fezi ikabaki karibu na volti 230. Mafundi wakaifunga mita kwa lakiri mpya.