Holoferne Chini ya Chandarua

Biblia niliyolelewa nayo haina Kitabu cha Yudithi, kwa hiyo nilipoazimia kwenda Italia kumtazama Holoferne, jemadari wa Nebukadneza, ilinibidi kwanza niazime Biblia ya Kikatoliki kwa jirani. Humo nikamkuta akiongoza askari wa miguu 120,000 na wapanda farasi 12,000, akichoma mashamba na kubomoa mahekalu, mpaka akafika Bethulia, mji wa Wayahudi, na kuwazuilia watu wake maji kwa siku 34. Hata hivyo, wasanii niliokwenda kuwaona hawakuvutiwa na vita vyake. Karibu wote wanamngojea alewe, alale, ili Yudithi, mjane wa Bethulia, amkate kichwa.

Roma, katika jumba la Barberini, nilisimama muda mrefu mbele ya picha ambayo Caravaggio aliichora mnamo 1599. Upanga umekwisha kuingia shingoni, lakini jemadari yu hai bado: macho yamemtoka, kinywa ki wazi, damu inaruka kwa mistari iliyonyooka. Yudithi amejitenga kidogo na kukunja uso, kama msichana anayechinja kuku kwa mara ya kwanza. Juu yao kinaning'inia kitambaa chekundu, nami nikakumbuka kwamba Maandiko yanakitaja kitanda cha Holoferne chini ya chandarua cha zambarau, dhahabu na zumaridi, na kwamba neno la Kigiriki lililotumika hapo limetokana na jina la mbu. Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Yudithi alikichukua chandarua hicho pamoja na kichwa, baadaye akakiweka wakfu kwa Mungu.

Treni ya mwendo kasi ilinifikisha Florence kwa saa moja na nusu. Katika jumba la sanaa la Uffizi, Artemisia Gentileschi, aliyechora picha yake mnamo 1620, hamjui Yudithi mwenye kusita: Yudithi wake amekunja mikono ya gauni, na mjakazi wake, kijana mwenye nguvu, anamkandamiza mtu yule kitandani huku ngumi ya jemadari ikitapatapa. Maandiko yanasema mjakazi aliachwa nje ya chumba, na Yudithi akapiga mara mbili peke yake. Kwa maoni yangu Artemisia alifanya vema kutoyafuata, kwa maana jemadari wa ukubwa ule asingetulizwa na mtu mmoja, hata akiwa amelewa.

Nje, katika uwanja wa Signoria, ipo nakala ya sanamu ya Yudithi na Holoferne iliyotengenezwa na Donatello. Ile ya asili imehifadhiwa ndani ya jumba la Palazzo Vecchio. Ilikuwa mali ya ukoo wa Medici, uliotawala Florence, na ukoo huo ulipofukuzwa, wananchi waliisimamisha hadharani mwaka 1495 iwe onyo kwa madhalimu. Miaka tisa baadaye mshauri mmoja alilalamika kwamba haifai mwanamke amuue mwanamume, na sanamu ya Daudi ya Michelangelo ikapewa nafasi ile.

Nilipanda ngazi kuiona ile ya asili. Yudithi ameinua upanga na kukanyaga kifundo cha mkono wa Holoferne, naye ameketi juu ya mto wa kulalia, miguu inaning'inia, kichwa kimeshikwa kwa nywele. Niliinama kuutazama mto huo. Pembeni una matundu, kwa kuwa inaaminika sanamu hiyo ilitengenezwa iwe chemchemi ya bustani, na maji yalikuwa yakitoka hapo, chini ya yule aliyewanyima watu wa Bethulia maji.