Alirudi Arusha

Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa sahihi kila neno. Alisoma Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, akafanya kazi New York, akarudi makao makuu ya wizara, akapelekwa Addis Ababa, akateuliwa kuwa balozi, akastaafu. Kuhusu Arusha palikuwa na mstari mmoja tu: "alishiriki katika usuluhishi wa migogoro ya nchi za Maziwa Makuu." Mstari huo uliniuma. Nilimfahamu marehemu tangu Kurasini, chuo kikiwa bado kichanga, maana kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Kwa jinsi nilivyomjua, miaka ya Arusha ndiyo iliyomfanya kuwa mtu yule tuliyemzika.

Mjane wake naye hakuridhika. Wiki chache baadaye alinipigia simu.

"Shemeji, wewe ulimjua kabla yangu. Niitie waliofanya naye kazi. Wakubwa zake wameshasema yao."

Basi tukakutana nyumbani kwao Upanga, alasiri, watu wachache. Alikuwepo mama mmoja aliyekuwa mkalimani wa Kifaransa, dereva wake wa zamani, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Ngara, na mpwa wake, kijana wa chuo kikuu, aliyekuja na daftari kwa sababu shangazi yake alimkabidhi kazi ya kuandika wasifu upya.

Mimi nilianza na New York, na sikukaa sana huko. Alikuwa ofisa mdogo kabisa katika ujumbe wetu wa Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1981, Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu. Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, China ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwa madarakani, duru baada ya duru, hadi nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Rafiki yangu aliniandikia barua ndefu kuhusu majuma yale. Alichokishika ni kwamba mambo makubwa yalikuwa yakiamuliwa na watu wasioonekana ukumbini, na akaniambia kwamba tangu siku hiyo kila akiingia mkutanoni anaangalia kwanza viti vitupu.

Kijana akaandika. Kisha mama mkalimani akasema, "Sasa tuje Arusha."

Mazungumzo ya Rwanda yalianza Julai 1992, Tanzania ikiwa msuluhishi, katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC. Upande huu serikali ya Rais Juvénal Habyarimana, upande ule waasi wa RPF, ambao wapiganaji wao wengi walikuwa watoto wa wakimbizi waliofukuzwa nchini tangu 1959. Rafiki yetu alikuwa katika sekretarieti. Kazi yake ilikuwa rasimu. Neno ambalo pande mbili hazijaafikiana huwekwa ndani ya mabano ya mraba, na linakaa humo mpaka wote wakubali libaki au liondoke. Usiku, wajumbe wakishalala, yeye na wenzake wachache walibaki na mabano hayo.

"Alikuwa na namna yake ya kusoma," mama alituambia. "Anasoma kifungu kwa sauti mara mbili. Ya kwanza anajifanya ofisa wa jeshi la serikali. Ya pili anajifanya mpiganaji wa RPF. Akifika kwenye neno ambalo mmoja wao lingemchoma, anasimama, analizungushia penseli, halafu ananigeukia mimi: hili kwa Kifaransa lina ukali huuhuu? Tulikuwa tukisoma kifungu cha jeshi saa nane za usiku namna hiyo."

Kifungu cha jeshi ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Mwishowe walikubaliana askari asilimia 60 watoke serikalini na asilimia 40 RPF, na uongozi wa jeshi wagawane nusu kwa nusu. Mkataba ulitiwa saini 4 Agosti 1993. Mimi wakati huo nilikuwa kituo kingine, nje ya nchi, na nakumbuka alivyonipigia simu siku ile, anacheka, anataka nimpongeze kwa vifungu alivyovijua kwa namba. Katika urafiki wetu wote sikuwahi kumsikia na furaha kama ile.

Hapo dereva, aliyekuwa kimya tangu tuanze, akajisogeza mbele.

"Mimi naomba niseme ya Aprili."

Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Ali Hassan Mwinyi aliwaita viongozi wa ukanda huu Dar es Salaam, Habyarimana abanwe atekeleze alichokisaini. Jioni wageni walipoondoka, rafiki yetu alikuwa uwanja wa ndege kwenye shughuli za kuwaaga. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi aliomba nafasi kwenye ndege ya Habyarimana. Kabla ya saa mbili na nusu usiku, saa za Kigali, ndege hiyo ilitunguliwa ikijiandaa kutua.

"Habari tuliipata usiku huohuo," dereva alisema. "Alitoka ofisini akaingia kwenye gari. Nikamwuliza, bosi, nyumbani? Akasema nyumbani. Tulipofika hapa getini hakushuka. Aliniambia niwashe redio. Tukakaa, tunatafuta Kifaransa, tunatafuta Kiingereza, tunatafuta Kiswahili. Nikamwambia bosi, betri itaisha. Akasema iache iishe. Halafu akaanza kutaja majina. Sikuyajua. Nilidhani anaongea na mimi, kumbe anahesabu wale aliokaa nao Arusha ambao wakati huo walikuwa Kigali."

Mjane wake alikuwa akimsikiliza kwa makini sana. Alisema usiku ule aliliona gari kupitia dirishani na hakuthubutu kutoka, na kwamba mumewe hakuwahi kumweleza walichokuwa wakifanya mle ndani.

Yaliyofuata, mauaji ya kimbari ya Rwanda, dunia inayajua. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kuingia wilaya ya Ngara. Muuguzi wetu alikuwa Benako, kambi ya wakimbizi huko Ngara. Anakumbuka msafara wa maofisa ukija kutazama maji, mahema na vyoo, na mmoja wao akijitenga, akizunguka na karatasi, akiuliza watu kama wana habari za fulani na fulani.

"Nilimfuata nikamwambia, kaka, hapa usiulize majina hivyo. Watu wanaogopa." Alikuwa na haki ya kumwonya. Wengi wa waliovuka walikuwa wakikimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yakisonga mbele, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua. "Jina aliloliulizia sana ni la Ngulinzira. Mzee mmoja alipolisikia aligeuka akaondoka bila kujibu."

Boniface Ngulinzira alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje aliyeongoza ujumbe wa serikali Arusha kwa muda mrefu. Kwa wenye msimamo mkali hilo lilitosha kuwa kosa. Alikuwa amekimbilia shule ya ETO huko Kigali, chini ya ulinzi wa askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Askari hao walipoondoka tarehe 11 Aprili, aliuawa. Rafiki yetu alikuwa Benako akimtafuta mtu aliyekwisha kufa.

Kijana aliweka kalamu chini. Aliuliza swali ambalo sisi wazee tusingethubutu kuliuliza mbele ya mjane: "Kwa hiyo kazi yake yote ya Arusha ilipotea?"

Nilimjibu kwa haraka, pengine kwa ukali. Nilimwambia kwamba mkataba ule uliingizwa katika Sheria ya Msingi ya Rwanda mwaka 1995, na kwamba waliouvunja ni watu, wana majina, na kadhaa wao walishtakiwa. Kanali Théoneste Bagosora, aliyewahi kuja Arusha na ujumbe wa serikali, alirudishwa AICC kusimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, akatiwa hatiani Desemba 2008. Hayo yote ni kweli na bado nayasimamia. Lakini mjane alikuwa na jibu lake.

"Mwanangu, andika kwamba alikasirika. Miaka minne alikuwa na hasira. Mwalimu Nyerere alipofungua mazungumzo ya Burundi mwaka 1998, hukohuko Arusha, nilimsihi asiombe kwenda. Akaomba. Nikamwuliza unafuata nini kule? Akaniambia, nafuata wale ambao safari ile hatukuwaweka mezani."

Mama mkalimani alikubali kwa kichwa. Alisema katika mazungumzo ya Rwanda chama cha CDR, cha Wahutu wenye siasa kali, hakikupewa nafasi katika serikali ya mpito, na kwamba rafiki yetu alibaki akijiuliza kama kukiacha nje kulikuwa busara au hatari. Mimi naona watu wale wasingeshikika hata wakipewa viti kumi, na yeye tulibishana naye hivyo kwa miaka mingi. Katika mazungumzo ya Burundi walikuja makundi 19. Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akapokea kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukasainiwa, Bill Clinton akiwepo. Waasi wenye silaha hasa, CNDD-FDD na FNL, hawakuwemo.

"Watu wakipiga makofi ukumbini," mama alisema, "yeye alikuwa pembeni yangu na karatasi ya majina ya wasiokuwepo. Hakuwa amenuna. Alikuwa anapanga nani aongee na nani."

CNDD-FDD walikubali kusitisha vita mwaka 2003. FNL walisaini Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, naye wakati huo alikuwa balozi Ulaya. Alimpigia mkalimani usiku uleule na hakumsalimia hata. Alitaka kujua kama wameingia. Mama akamwambia wameingia, ila utekelezaji bado ni kazi. Akasema hilo analijua, akamwomba atafute nakala na amsomee kifungu cha majeshi, taratibu, mara mbili.