Kitanzi cha Chini Kilipoachia

Mjukuu kasikia Malaika kwenye simu ya mama yake, akaniuliza, "Babu, hivi Miriam Makeba aliwahi kuigiza?" Nikakumbuka usiku ule wa filamu ya Come Back, Africa, ukumbi umejaa, mimi nimemshikia tochi mzee wa projekta.

Aliigiza, tena sana. King Kong, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo kuhusu bondia, ulipofunguliwa Johannesburg Februari 1959, muziki wa Todd Matshikiza, Nathan Mdledle alikuwa bondia mwenyewe na Makeba ndiye Joyce, mwenye kilabu cha pombe ya magendo. Lakini mwaka mmoja nyuma Lionel Rogosin, mwongozaji Mmarekani, alishampiga kwenye hiyo Come Back, Africa, kwa siri. Wakubwa wa serikali waliambiwa ni filamu ya muziki tu. Humo Makeba ana nyimbo mbili, basi.

Mkanda wa milimita 16 wenye futi 1,600 huenda dakika 44 hivi, kwa hiyo filamu ilikuja kwenye magurudumu mawili. La kwanza halikusumbua. La pili lilikuwa limechoka, vitundu vya pembeni vimechanika.

Tukafika kilabuni. Waandishi kina Can Themba na Lewis Nkosi wanabishana, Makeba anaingia, anaombwa aimbe. Anaanza, ukumbi kimya, mara sauti ikaanza kutetemeka. Kisha ikautangulia mdomo: neno limeshasikika, midomo ndiyo kwanza inafunguka.

Mzee hakuhitaji kuambiwa. "Kitanzi cha chini hicho."

Dirishani kwenye taa mkanda hwenda kwa kushtuka, maana kila picha lazima isimame kidogo, picha 24 kwa sekunde. Kwenye kichwa cha sauti, kile kinachosoma sauti iliyochapwa kwenye mkanda, lazima uteleze bila kutikisika. Kinachomeza ile mishtuko ni kitanzi cha mkanda kinachoachwa kilegee katikati. Tena sauti ya kila picha imechapwa picha 26 mbele yake; kitanzi kikikazika, njia inafupika, sauti inawahi. Vitundu vikichanika, meno ya mashine hukosa pa kushika, na kitanzi huliwa.

Mashine nyingine zina kidude cha kukirudisha huku mkanda unakwenda. Yetu haikuwa nacho. Akazima taa kwanza, halafu mota. Ukifanya kinyume, picha iliyosimama mbele ya taa inatoka malengelenge na kuungua. Nikammulikia. Akafungua dirisha, akavuta mkanda kwa kidole hadi kwenye alama, akafunga, akazungusha kwa mkono kuhakikisha, ndipo akawasha.

Wimbo ulikuwa umebaki mkia tu.

"Rudisha nyuma!" watu wakapiga kelele. Akakataa. Vitundu vile vikipita tena, alisema, mkanda utakatika kabisa. Fundi alikuwa sahihi, ingawa waliokuja kumwona Makeba hawakumwelewa, na sijui kama mimi nilimwelewa.

Kwa nyimbo hizo mbili Makeba alikwenda tamasha la filamu la Venice 1959, filamu ilipoonyeshwa kule, kisha Marekani. Mwaka 1960 alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, akakuta pasipoti imefutwa. King Kong ulipofika London 1961, Joyce alikuwa Peggy Phango. Skrini ilimtoa au ilimpunja jukwaa? Mimi hubadilika kila nikiulizwa. Anayemtaka Joyce wa Makeba atafute santuri ya King Kong ya waigizaji wa Johannesburg. Ya London atamkuta Phango.