Jibu Lisilokuwa na Namba

Juzi baada ya isha mtoto wa dada alikuwa mbele ya televisheni, anakula huku anatazama habari. Zikaonyeshwa zile asilimia za kura ya maoni: fulani ana hizi, fulani ana hizi, Pwani inamtaka huyu, Magharibi inamtaka yule. Kura yake ya kwanza itakuwa ya 2027, kwa hiyo siku hizi mambo haya yanamgusa. Akageuka akaniuliza, "Khalati, hawa walioulizwa ni kina nani? Mimi sijaulizwa. Mama hajaulizwa. Hapa Langoni kuna hata mmoja aliyeulizwa?" Mamake akamwambia ale kwanza, siasa itamngoja. Mimi sikumjibu, maana akili yangu ilikwisha kwenda Siyu, kisiwani Pate, mwishoni mwa 2012.

Kazi ile niliipata kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo na sina ajira, na kwa kuwa ni mwanamke. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inakusanya maoni kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, na ilihitaji mtu wa kuingia ndani ya nyumba za visiwani mchana, wakati mwanamume mgeni huishia barazani. Mafunzo yalifanyika Malindi. Tuliambiwa tusome swali kama lilivyoandikwa, tusilifafanue, tusitikise kichwa mtu anapojibu, tusigunegune. Kisha tukafunzwa namna ya kumpata wa kuulizwa, na hapo ndipo nilipoipenda kazi ile kwa dhati. Unaanzia mahali panapojulikana, unashika mkono wa kushoto, unaruka nyumba kadhaa kwa hesabu uliyopewa. Ukifika unaandika watu wazima wote wa nyumba ile kwa umri wao, halafu jedwali lililochapishwa kwenye hojaji ndilo linalokwambia umhoji nani. Mwenye nyumba hachagui. Wewe pia huchagui.

Mkufunzi alitupa kisa cha Marekani, mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest lilipeleka karatasi za kura kwa watu milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Sehemu kubwa ya anwani zilikuwa zimetolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena katika miaka ya ufukara mkubwa. George Gallup, mpima maoni, aliuliza watu wachache mno kuliko hao, akapata mshindi. Kisa kile kilinikaa. Niliona kanuni zote zile za mkono wa kushoto na jedwali zimewekwa ili aliyezoea kusema asimfunike asiyesemeshwa.

Tuliondoka Amu, mji wa Lamu, na maji ya asubuhi, tukapita mlango wa Mkanda kabla hayajatoka, tukashuka Mtangawanda, kwenye gati ya Pate. Safari ya nchi kavu hadi Siyu haina la kusimuliwa, ila jua.

Mahali pa kuanzia palikuwa lango la ngome. Nilisimama pale na karatasi zangu nikashika mkono wa kushoto, nikahesabu milango. Nyumba niliyoangukia ilikuwa na wanaume watatu barazani, mmoja mtu mzima, wawili vijana. Nilitoa salamu, nikajieleza, nikaandika majina ya watu wazima wa nyumba. Yule mkubwa alikwisha jitengeneza kujibu, kofia ameirekebisha. Nikafuata jedwali kwa kidole, mstari kwa mstari, likaniangushia bibi yao.

"Bibi hajui mambo haya," kijana mmoja akasema, bila ubaya.

"Mimi ndiye nimjibuye," mtu mzima akaongeza. "Sisi ni kitu kimoja."

Nikawaeleza kuwa nisipompata yeye basi nyumba hii nitaiacha, sina ruhusa ya kumbadilisha. Walitazamana. Kisha sauti ikatoka ukumbini nyuma ya pazia, "Mwambieni apite."

Alikuwa ameketi juu ya mkeka, ukili wa mkeka mwingine mkononi, anasuka bila kuutazama. Nikamshika mkono nikamwamkia. Akaniuliza mimi ni mwana wa nani, nikamtajia baba, akamtaja babu yangu mwenyewe kabla sijafika huko, akaridhika. Nikamsomea maelezo ya mwanzo: hatutaandika jina lake kwenye majibu, anaweza kukataa swali lolote, hakuna jibu la sawa wala la makosa.

"Basi kama hakuna la makosa, uliza," akasema.

Nikamsomea lile swali ambalo ndilo linalouza magazeti: iwapo uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani kura awe rais? Akaendelea kusuka.

"Hiyo ni amana yangu, mwanangu. Siitoi. Andika bibi amekataa."

Nikaandika amekataa. Kulikuwa na namba ya hilo.

Swali lililofuata lilitaka kujua, kwa maoni yake, shida kubwa kuliko zote inayoikabili nchi wakati huu. Jibu moja tu. Mimi sikutakiwa kumsomea majibu, yeye aseme, mimi nitafute namba iliyo karibu: gharama ya maisha, ukosefu wa kazi, ufisadi, usalama, njaa, maji, na kuendelea hadi chini ambapo pameandikwa "mengineyo" na mstari mfupi.

Hapo ndipo alipouweka ukili chini.

"Shida kubwa ya nti hii," akasema, "ni kuwa hatuulizwi."

Nikasubiri. Tulifunzwa kusubiri.

"Waliya watu hapa kutujengea jabia la kuwekea mai ya mvua. Waliketi na wanaume huko nje, wakanywa kahawa, wakenenda. Lile jabia wakalijenga pasipo na mteremko, mvua ikinya mai yapita kando. Mwanamke yeyote wa hapa angewaambia. Sisi ndio tutekao. Sasa wasitana wangu wateka kisimani mai ya munyu, na jabia lipo, lakauka." Akavuta pumzi. "Na hiyo bandari. Wakuu watatu wa nti waliya mwaka huu kuifungua. Mjukuu wangu ni mvuvi. Mtu aliya akamuuliza avua wapi? Mimi nina umri huu, na weye ndiwe wa kwanza kuketi mkekani pangu ukaniuliza lolote la serikali. Na waniuliza nimtakaye."

Alisema kweli. Machi 2 ya mwaka ule ule, Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walikuwa Lamu kuzindua mradi wa bandari na njia ya kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Hojaji yangu ilikuwa na kurasa nyingi na neno bandari halikuwamo.

Nilitazama orodha ya namba. Maji ilikuwepo. Kama ningetia namba ya maji, jedwali la Nairobi lingefurahi, na msimamizi pia. Lakini yeye hakusema maji. Maji aliyaleta kama ushahidi. Nikatia alama kwenye "mengineyo", na mstari ulipokwisha nikaandika pembeni, nikazunguka karatasi hadi juu, maneno yake kama alivyonena. Akanitazama nikiandika, akaninyooshea kidole pale nilipogeuza karatasi, akauliza hapo nimeandika nini, nikamsomea. Akanisahihisha pahala pamoja: hakusema "wasitana" tu, alisema "wasitana wangu". Nikatia "wangu".

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Nilipotoka, yule mtu mzima aliniuliza amesema nini. Nikamwambia ni siri, akacheka, nikaendelea na mkono wa kushoto.

Matokeo ya maoni yale yalipotangazwa nilikuwa Amu, uwanja wa Mkunguni, na watu wamejaa kwenye viti mbele ya ngome kama kawaida ya jioni. Kuanzia siku ile hadi kura kupigwa Machi 4, sikusikia mazungumzo mengine pale. Nani amepanda kwa asilimia mbili, nani ameshuka, duru ya pili itakuwepo au haitakuwepo. Mgombea mmoja wa kiti cha hapa alikuja na habari ya hati za ardhi, wakamsikiliza kwa heshima, kisha wa kwanza kusimama akamuuliza, "Wewe uko upande wa anayeongoza?" Habari ya ardhi ikaishia hapo. Nilihuzunika sana jioni ile, na huzuni yenyewe sikuweza kumweleza mtu, kwa kuwa hesabu zenyewe hazikuwa za uongo. Nilizijua zilivyokusanywa. Nilijua jua lililotuchoma.

Ila nilichukua kalamu nikapiga hesabu nyingine. Kwa sensa ya 2009 kaunti yetu ilikuwa na watu 101,539 katika nchi ya watu 38,610,097. Ukiuliza Wakenya 2,000 na ukagawa kwa haki, Lamu nzima inapata watu watano. Kwa sensa ya 2019 inapata sita. Kwa nchi nzima hesabu hiyo ni nzuri, makosa yake ya makadirio ni kama asilimia mbili juu au chini. Kwa Pwani nzima wanabaki watu 170 hivi, na makosa yanafika asilimia saba. Lakini televisheni inasema "Pwani inamtaka fulani" kwa sauti ile ile inayosemea nchi. Na kwa Lamu watu watano hawasemi kitu chochote, hata wakihojiwa na malaika.

Wapo wanaotaka kura hizi za maoni zipigwe marufuku. Wanataja 2007, miezi ya kutangaziwa Raila yuko mbele, kisha Tume ikamtangaza Kibaki, kisha yale ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa. Wanataja 2022 pia, zilipomweka Raila mbele na Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49. Mimi siwezi kuwa upande huo. Sheria ya 2012 tayari inataka anayechapisha aseme nani amelipia, wameulizwa watu wangapi, lini, kwa maswali gani, na makosa ni kiasi gani, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Hayo ni mema. Tena bila jedwali lile, yule bibi asingeulizwa kamwe. Angejibiwa na baraza. Hili silisahau. Ndicho kitu pekee nilichokiona katika siasa yetu kilichompita mwenye kofia kikaenda nyuma ya pazia kwa makusudi. Kisha kilipofika huko kikamuuliza swali la watu wengine. Sijui lawama niiweke wapi: kwa anayelipia maswali, kwa magazeti yanayotia asilimia ya rais ukurasa wa kwanza na mengine yote ndani, au kwetu sisi tuliokuwa Mkunguni tusiotaka kusikia jingine.

Gazeti la matokeo nililinunua nikampa nahodha wa boti ya Mtangawanda, amfikishie mjukuu wa yule bibi amsomee. Bibi alikuwa ameniuliza nilipoaga kama na yeye atajua wengine wamesema nini, na sikuona sababu ya kumnyima. Jibu likarudi kwa nahodha huyo huyo: bibi ashukuru, amesomewa lote, na auliza yeye ni yupi hapo. Nikalitazama tena jedwali. Palikuwa na mstari wa "wamekataa kujibu", na kwenye ile orodha ya shida, chini kabisa, mstari wa "mengineyo". Nikamtumia ujumbe kuwa yumo kwenye yote mawili. Akanijibu kwamba basi safari ijayo waje na swali lake.

Nilimpigia simu msimamizi. Alikuwa muungwana, akanieleza kuwa maswali huletwa na mwenye kulipia, yeye hana uwezo nayo.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya bandari iliyofunguliwa na watu wa Lamu tangu 2012. Ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Niliisoma hukumu ile kwa machozi, kwa sababu ilikuwa kurasa nyingi za kusema alichokisema mwanamke mmoja kwa sentensi moja akiwa mkekani, na mimi nilikuwa nimekiandika pembeni mwa karatasi.

Tangu hapo, kila kunapoitishwa mkutano wa maoni ya umma hapa, bajeti ya kaunti, ardhi, bandari, umeme, mimi huenda na karatasi, na hulipeleka swali lake mbele, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mara nyingine huandikwa. Linasema hivi: kabla ya kuja hapa, mmemuuliza mwanamke yupi wa pale, na alijibu nini?