Mfanyakazi ni mtu au ni gharama?

Chukua hesabu za kampuni yoyote uangalie mfanyakazi kaandikwa wapi. Utamkuta kwenye matumizi, palepale na bili ya umeme na mafuta ya magari. Mashine ikinunuliwa inaingia kwenye mali za kampuni, ila ukimlipia fundi kozi ajue kuiendesha hiyo mashine, hela yote inahesabiwa imeshaliwa. Siwalaumu wahasibu, wana sababu zao (mashine ni ya kampuni, fundi anaweza kuacha kazi kesho), lakini meneja akishazoea kusoma hiyo karatasi kila mwezi basi mauzo yakishuka cha kwanza kukata ni watu.

Sasa kuna wanafalsafa wanaitwa wapersonalisti, kina Emmanuel Mounier aliyeanzisha jarida la Esprit kule Ufaransa mwaka 1932, wao wanaanzia kwa mtu mwenyewe, ana akili na hiari yake na anakua kwa kuishi na wenzake, si kipande cha soko wala si tofali la serikali. Karol Wojtyła, akiwa tayari Papa Yohane Paulo II, akalipeleka hilo kwenye uchumi kwa waraka wake wa 1981: kazi ipo kwa ajili ya mtu, na mtaji unakuja nyuma ya kazi.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni habari ya bosi mpole na keki ya bethdei ofisini. Hapana bana. Keki kula, ila je, una kauli kwenye maamuzi yanayokugusa?

Mondragon, kundi la vyama vya ushirika kule kwa Wabaski, Hispania, walijaribu kulijibu swali hilo. Padri José María Arizmendiarrieta alifungua shule ya ufundi 1943, na 1956 vijana watano waliopita mikononi mwake wakaanzisha kiwanda ambacho wafanyakazi ndo wenye mali, kila mwanachama kura moja, awe meneja awe mfagiaji. Hali ikiwa ngumu wanapiga kura kujipunguzia mishahara wenyewe, na Fagor, ushirika wao wa kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani, ilipoanguka 2013 wanachama wake wengi walihamishiwa kwenye ushirika mwingine wa kundi hilohilo badala ya kuachwa mtaani.

Ila wana viwanda nchi nyingine pia, na huko wafanyakazi wengi si wanachama, hawapigi kura. Hapo ndo huwa nawabana wanaoisifia sana, maana yule wa nje naye ni mtu na jasho lake linaingiza faida kwenye mfuko uleule.